Mwanangu Aliyetoka Mstarini

Kijiji cha Dungari,
Wilaya ya Pithoragarh.
29 Juni.

Kwa Mheshimiwa Jenerali,
Mkuu wa Chuo cha Kijeshi.

YAH: KUSHINDWA KUMNASIHI AFISA MWANAFUNZI KHUSHAL SINGH RAUTELA

Mheshimiwa Jenerali,

Pokea saluti yangu. Nimeipiga nikiwa nimekaa, kwa sababu goti langu la kushoto halipendi tena mambo ya kusimama ghafla, lakini mkono umefika pale unapotakiwa kufika.

Barua yenu ya tarehe 12 nimeipata. Tarishi aliipandisha mlimani kwa miguu, na kwa kuwa gundi ya bahasha za serikali ni ile mnayoijua, alikuwa ameshaisoma kabla ya kufika kwangu, na wengine watatu aliokutana nao njiani pia. Kwa hiyo jambo hili si siri hapa kwetu.

Mnasema kwamba siku ya gwaride la kuhitimu mwanangu alitoka mstarini bila amri, mbele ya mgeni rasmi. Mnasema kamisheni yake imezuiwa na amerudishwa muhula mmoja. Kisha mnaniomba mimi, kama baba yake na kama sajini mstaafu wa jeshi hilihili, nitumie likizo yake ya wiki tatu kumnasihi juu ya nidhamu kabla hajaripoti tena tarehe mosi Julai.

Nimejaribu, Mheshimiwa, na nimeshindwa. Nimekaa nikatafakari ni wapi kijana huyu alipoharibikia, nikaona wazi kwamba kosa ni la Chuo. Mlimpokea akiwa mzima. Mlikaa naye, mkamharibu, na sasa mnataka mimi nimtengeneze kwa wiki tatu. Kwa heshima zote, sitamleta tena. Sababu zangu ziko hapa chini. Nimezipa namba kwa sababu katika miaka ishirini na sita ya utumishi sikuwahi kumwona afisa akisoma kitu kisicho na namba.

1. Mmemfundisha kuamka.

Katika nyumba yangu, anayeamka wa kwanza ni mke wangu Devki. Imekuwa hivyo tangu alipoingia humu akiwa bibi harusi, na yeye haihesabu kuwa kazi, anaihesabu kuwa cheo. Khushal alipokuja likizo yake ya kwanza, mama yake aliamka akakuta moto umewaka, maji yamechotwa, chai imo kwenye birika, na blanketi la mwanawe limekunjwa pembe nne kama bahasha. Devki akakaa kizingitini akaanza kulia.

"Nimeambiwa nimezeeka," akasema.

"Nani kakwambia?" nikamuuliza.

"Moto."

Siku ya pili yake kijana alikwenda chemchemini kuosha vyombo, vyake na vyetu, kwa sababu eti huko Chuoni kila mtu huosha chake. Jirani yetu Bishni, mwanamke mwenye sauti ya kuita watu wa bonde la pili, alipanda juu ya ukuta wake akapaza: "Devki! Mkweo kafika lini? Mbona hukutualika harusini? Na mbona ana masharubu?" Tangu siku hiyo kijiji kizima kinamwita mwanangu Bibi Harusi. Sasa niambie, Mheshimiwa, mtu mwenye jina hilo atawaamrishaje askari wa miguu?

2. Mmemfundisha kusema kweli.

Nilipowakabidhi Khushal alikuwa mwongo wa wastani, mwenye afya njema. Alipokuwa shule ya msingi alimzika babu yake mara tatu ili aruhusiwe kwenda kucheza kriketi, na babu yake alikuwa hai, tena mara ya tatu alikwenda shuleni mwenyewe kupokea rambirambi, maana walimu walikuwa wamechangishana unga. Uongo wa namna ile haumdhuru mtu. Ndio unaofanya watu waweze kuishi kijiji kimoja.

Likizo ya pili wakaja wageni kutoka Berinag kuangalia posa ya mpwa wangu Trilok, mtoto wa dada yangu Motima. Tukawaketisha, tukawapa chai na viazi vya kukaangwa. Tulikuwa tumekwisha kumsifu Trilok kiasi kwamba mwenyewe aliinua kichwa kuona anasifiwa nani. Hapo mjomba wa yule binti akamgeukia Khushal.

"Wewe mwanajeshi, umekua naye huyu. Ni kijana wa namna gani?"

"Ana moyo mzuri sana, mjomba," akasema Khushal. Sote tukapumua. "Ila kazi hapendi."

"Hapendi kiasi gani?"

"Kila mwaka hushikwa na homa siku ya kwanza ya mavuno. Hupona siku ya mwisho. Nimeihesabu homa hiyo miaka minne, haijawahi kukosea tarehe."

Motima aliangusha kikombe. Mjomba mtu alimaliza chai yake, akavaa viatu, wakaondoka. Dada yangu alikaa wiki mbili hanisemeshi. Baadaye wakarudi, wakasema wanaikubali posa kwa sababu nyumba hii tayari imewaambia baya lake, basi hakuna tena la kuogopa. Sasa Trilok ameoa, anaamshwa alfajiri na baba mkwe wake, analima, na akipita mbele ya mlango wangu hageuzi hata shingo. Huo ndio uhasama mlioniletea ndani ya ukoo.

3. Mmemfundisha kusoma ramani.

Hili limeniumiza kwa sababu ni la fani yangu. Enzi zangu luteni mpya alikuwa hajui ramani, na kutojua kwake ndiko kulikokuwa kunatuunganisha. Namkumbuka mmoja, kijana msafi mwenye dira mpya kabisa, alituzungusha kwenye mlima mmoja siku nzima. Mchungaji wa kondoo alitupa chai asubuhi, akatupa chai adhuhuri, na tulipomtokea mara ya tatu jioni akasema tu, "Karibuni tena, maji yanachemka." Tulicheka hadi tukashindwa kutembea. Platuni ile ilikuwa tayari kufa pamoja, ingawa haikuwa ikijua itafia wapi.

Khushal hapotei. Alikuja nyumbani na karatasi yake, akapima kwa kidole, akaniambia kwamba njia ya chemchemini niliyoipita miaka arobaini ni ndefu kwa hatua mia mbili kuliko ile inayopita nyuma ya shamba la Joshi. Nilimwambia kijana, mlima huu ninaujua kuliko tumbo langu. Kesho yake, wakati hakuna anayeniona, nilikwenda nikahesabu. Ni mia mbili na kumi. Bado napita njia yangu ya zamani, na goti linauma, na lawama hiyo naielekeza kwenu.

4. Mmeandika maneno ukutani.

Nilipokuja siku ya gwaride nilipitishwa kwenye ukumbi wenu wa chakula. Ukuta wa mbele una maandishi ya rangi ya dhahabu, kila herufi urefu wa mkono wangu: WATU WAKO KWANZA. WEWE BAADAYE. Nilisoma mara mbili. Nikamuuliza kijana aliyekuwa anatutembeza kama haya maneno ni ya kweli au ni ya urembo. Akacheka kwa adabu.

Mheshimiwa, mtoto wa mlimani hajazoea kuta zenye maneno. Kwetu ukutani huandikwa tangazo la chanjo ya mbuzi, na siku iliyoandikwa daktari wa mbuzi huja kweli. Ninyi mmemketisha kijana kama huyo mbele ya maneno hayo mara tatu kwa siku, muda wote wa mafunzo, kinywani ana mkate na machoni ana dhahabu, halafu mnashangaa ameamini. Kwa nini hamkuandika chini yake, hata kwa herufi ndogo, "isipokuwa siku za gwaride"?

5. Gwaride lenyewe.

Hapa naomba nieleze kwa urefu, kwa sababu barua yenu imelieleza kwa sentensi moja, na mimi nilikuwepo.

Tulifika saa kumi na mbili asubuhi. Devki alikuwa amevaa ule mtandio wa njano na nyekundu aliofungia ndoa, na hereni ya pua ambayo huitoa sandukuni mara moja kwa miaka kumi. Tulikuwa tumebeba boksi la peremende za maziwa kutoka Almora. Vijana wenu walisimama uwanjani saa moja kasorobo, mguu sawa, bunduki begani, kola zimefungwa hadi kooni. Walipendeza. Sisemi uongo, machozi yalinitoka, nikamwambia Devki ni vumbi.

Mgeni rasmi alitarajiwa saa moja. Saa moja na nusu kipaza sauti kikasema, "Mgeni wetu yuko njiani." Saa mbili kikasema, "Mgeni wetu yuko njiani." Ni Juni, Mheshimiwa, mwezi wa joto kuliko yote, na Chuo kiko bondeni. Sisi wazazi tulikuwa jukwaani chini ya turubai, tuna feni na maji ya ndimu, na bado mama mmoja nyuma yetu alizimia. Aliletewa barafu upesi. Saa tatu kipaza sauti kikasema tena yuko njiani, na watu wakaanza kucheka, halafu wakanyamaza, kwa sababu pale uwanjani vijana walikuwa wameanza kuyumba kama nyasi.

Mstari wa pili alikuwepo kijana mmoja wa Ladakh, anaitwa Tsewang Dorje. Huko kwao theluji haiishi, na jua kama lile hulisikia tu kwa wasafiri. Alikuwa rafiki wa Khushal, walilala chumba kimoja. Nilimwona akienda mbele, bila kukunja goti, akapiga uso kwenye zege. Mlio wake tuliusikia jukwaani.

Hakuna aliyesogea. Najua kanuni, nimeifundisha mwenyewe: anayeanguka mstarini huachwa hadi watu wa machela waje. Basi tukangoja watu wa machela. Nilihesabu hadi sitini. Nilihesabu tena sitini. Damu ilikuwa inamtoka puani na kwenda kwenye mstari mweupe mliouchora kwa chokaa. Kipaza sauti kikasema mgeni wetu ameingia getini.

Ndipo mwanangu, aliyekuwa safu mbili nyuma, alipoweka bunduki yake chini taratibu kama anamlaza mtoto, akatoka mstarini. Hakukimbia. Alimwendea Tsewang, akamgeuza, akamfungua kola, akambeba mgongoni kama tunavyobeba kuni huku kwetu, na akavuka uwanja mzima kuelekea kwenye kivuli cha miti. Ni uwanja mpana sana ule. Wakati huohuo msafara wa mgeni rasmi ukawa unaingia upande wa pili, bendi ikaanza kupiga, na kamera zote zikawa na mambo mawili ya kutazama, zikachagua lile ambalo hamkulipanga.

Baada ya gwaride nilimtafuta kamanda wa platuni yake, Kapteni Sahni. Kijana mstaarabu. Alinivutia kiti, mimi sajini, nikakataa kukaa.

"Mzee, mwanao ni kijana mzuri," akasema. "Lakini mstarini hakuna anayesogea. Wewe unajua."

"Najua, afande. Hata mwenzake akianguka?"

"Kuna watu wa machela."

"Walikuwa wapi?"

"Nyuma ya jukwaa."

"Kwa nini nyuma ya jukwaa, afande?"

Alitazama viatu vyake. Vilikuwa vinang'aa sana, havina kosa. "Kwa ajili ya picha, mzee," akasema. "Machela haipendezi kwenye picha."

Nilimpigia saluti, kwa sababu hakunidanganya. Naye aliirudisha, kisha akasema polepole, kama mtu anayezungumza na kola yake mwenyewe, "Mimi nilikuwa karibu zaidi kuliko Khushal."

Kisha ikawa ile saa ambayo wazazi huwavisha watoto wao nyota mabegani. Kila kijana ana namba yake iliyochorwa chini, na wazazi husimama hapo. Hakuna aliyemwambia Devki asiende, kwa hiyo alikwenda. Alisimama kwenye namba ya Khushal peke yake, na nyota mbili kiganjani, na pande zote watu wanakumbatiana na kupiga picha. Afisa mmoja akamjia akamwambia kwa upole, "Mama, wa kwako leo hayupo."

"Najua aliko," Devki akamjibu. "Yuko kwa mgonjwa."

Aliendelea kusimama hadi watu wote wakaondoka. Mimi vita nimeviona, Mheshimiwa, lakini kutembea kutoka kwenye turubai hadi pale alipokuwa amesimama mke wangu kulinishinda. Nilituma mtu akamwite.

Daktari wa hospitali yenu alisema dakika kumi zaidi juani na yule kijana wa Ladakh asingeamka. Ameamka. Nasikia nyota zake alivishwa akiwa kitandani, na ni haki yake. Basi aliyeanguka amekuwa afisa, kwa sababu kuanguka hakuvunji nidhamu. Aliyemwokota ndiye amerudishwa muhula.

6. Farasi.

Mnadhimu wenu anayesimamia gwaride alikuwa juu ya farasi mweupe. Khushal alipopita na mzigo wake, farasi huyo alishtuka akatoka kwenye nafasi yake hatua tatu. Nilizihesabu. Alitoka bila amri, mbele ya mgeni rasmi, na hakumsaidia mtu yeyote. Hadi leo sijasikia kwamba farasi amerudishwa muhula.

7. Nasaha zenyewe.

Msidhani sikujitahidi. Jumapili ya kwanza nilimwita Khushal nyuma ya nyumba, tukakaa kwenye mawe tunakoanikia dengu, nikamwambia yote yanayotakiwa kusemwa. Kwamba jeshi ni mwili mmoja. Kwamba kila mtu akifuata moyo wake hakuna mstari. Kwamba afisa anatakiwa kutazama mbali, si kutazama kila kinachoanguka karibu na mguu wake. Nilisema vizuri, naamini hata wewe ungeridhika. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikata.

Kisha akauliza, "Baba, nani alikutoa kwenye theluji?"

Na hapa, Mheshimiwa, lazima nikiri jambo ambalo linaharibu kidogo mpangilio wa malalamiko yangu.

Miaka mingi iliyopita nilikuwa kwenye kituo cha mpakani, juu kule ambako pumzi ni ya kuokoteza. Theluji ilishuka ikatufunika mimi na mwenzangu, hatua mia moja kutoka hemani. Makao makuu yaliamuru kwa redio mtu yeyote asitoke mpaka hali itulie. Luteni wetu alikuwa anaitwa Kurian, kijana wa Kerala, ambaye theluji ya kwanza kuiona maishani mwake ndiyo ileile iliyotufukia. Aliweka redio chini. Akatoka na kifuniko cha sufuria, kwa sababu koleo lilikuwa nasi huko chini, akachimba. Mimi alinipata. Mwenzangu Umed hakumpata kwa wakati. Kurian alipewa onyo la maandishi kwa kuiacha redio, na onyo hilo lilikaa kwenye faili lake kama mwiba kwenye kisigino. Alistaafu akiwa meja. Wenzake wa rika lile waliofika kuwa majenerali wote walikuwa watu waliokaa kando ya redio zao.

Kisa hiki nilimsimulia Khushal tangu akiwa na miaka minne. Alikuwa halali bila kukisikia. Nilikuwa nafanya na mikono, nachimba blanketi kwa kifuniko cha sufuria, na yeye anatokea chini yake akicheka.

Kwa hiyo alipouliza, nilimjibu, "Unajua ni nani."

Akasema, "Basi uninasihi tena, baba. Uninasihi ukianzia hapo."

Sikuweza. Jumapili ya pili nilijaribu tena, nikamkuta anamfundisha babu yake kusoma ramani, wote wawili wamelala kifudifudi, nikaona haya. Jumapili ya tatu sikwenda.

Kwa hayo yote, Mheshimiwa, na kwa kuwa mgonjwa huyu sasa hatibiki, natoa maombi yangu.

Kwanza, jina la Khushal Singh Rautela lifutwe Chuoni. Hapa nyumbani tutamtafutia kazi isiyohitaji nidhamu ya namna yenu. Dereva wa gari la wagonjwa, labda. Huko nasikia mtu akianguka unaruhusiwa kumwokota, ilimradi uwe umefunga mkanda.

Pili, ukuta wa ukumbi wa chakula urekebishwe kama nilivyopendekeza. Mimi mwenyewe nina mkono mzuri wa kuandika na niko tayari kuja na brashi.

Tatu, liongezwe somo la Kutoona. Si somo gumu, nimewahi kuhudumu chini ya mabingwa wake. Darasani mnaweza kuwaangusha wanafunzi kwa zamu, mmoja baada ya mwingine, huku waliobaki wakitazama bendera na kukariri jina la mgeni rasmi pamoja na vyeo vyake vyote. Atakayepepesa jicho arudie. Kombania itakayofika mwisho ikiwa na watu wengi chini na macho machache yaliyohama ipewe kikombe.

Nne, kwa kuwa machela haipendezi kwenye picha, na kwa kuwa aliyesababisha machela ihitajike ni mgeni rasmi, nashauri machela zikae jukwaani penye feni, na wageni rasmi wakae nyuma ya jukwaa hadi watakapohitajika.

Tano, na hili nimelifikiria sana, naona kikwazo kikubwa katika kutengeneza maafisa safi ni askari. Askari huchoka, huugua, hufukiwa na theluji, hutokwa na damu kwenye chokaa. Bila wao viatu visingechafuka kamwe. Chuo chenu kingeweza kuwa cha kwanza duniani kutoa maafisa kwa ajili ya jeshi lisilo na mtu ndani yake, na hapo ule ukuta ungebaki kama ulivyo, kwa kuwa usingemhusu mtu yeyote.

Nisalimie Kapteni Sahni, mwambie nimelielewa lile neno lake. Nisalimie watu wa machela, nilizungumza nao baadaye, walikuwa wanalia kwa hasira. Nisalimie mpishi aliyempa mke wangu chai bila kuombwa, na bendi, hasa yule mpiga ngoma aliyekosea pigo wakati Khushal anapita. Kwa mgeni rasmi sina salamu, lakini akifika mahali kwa wakati siku moja, mpe pongezi zangu.

Ni mimi, niliyesimama mstarini miaka ishirini na sita, nikageuka kulia nilipoambiwa kulia,

Harak Singh Rautela,
Sajini (mstaafu).

Nakala: Mungu Golu, hekaluni kwake, ambaye watu wa kwetu humpelekea mashtaka yao kwa maandishi na kuyafunga kando ya kengele. Yeye mashtaka yake hayapiti kwa tarishi.

Nyongeza: Maneno haya nayaandika barabarani, juu ya sanduku la bati, alfajiri ya tarehe 30. Barua nilimsomea Khushal jana jioni kabla ya kufunga bahasha. Alicheka sana kwenye kisa cha Trilok. Mbele zaidi aliacha kucheka. Nilipomaliza akasema, "Umeandika vizuri, baba. Lakini kesho napanda basi la saa kumi na moja."

"La kwenda wapi?"

"Chuoni."

Nikamwambia asiwe mjinga, watu wale hawamtaki, na mimi nimeshatia sahihi. Akasema, "Wageni rasmi huchelewa, baba. Wa gwaride la Desemba naye atachelewa. Mtu akianguka, nataka mle mstarini awemo mmoja anayejua njia ya kwenda kivulini."

Asubuhi hii mimi mwenyewe nimelibeba sanduku lake hadi hapa barabarani, na goti halikuuma. Kwa hiyo, Mheshimiwa Jenerali, yote yaliyoandikwa hapo juu yahesabu kama hayakuandikwa. Barua hii sikuipa posta. Anayekukabidhi karatasi hizi ndiye Khushal mwenyewe, na wakati unasoma yuko mbele ya meza yako, mguu sawa, macho mbele. Ukimaliza, mwamuru mguu pande, maana bila amri yako hatasogea, labda uanguke.